Nyanga, msiikimbilie maporomoko tu

Wapenda kupanda milima, Nyanga ya Zimbabwe msiiache. Mlima Nyangani una mita 2,592, mrefu kuliko yote nchini humo, na kupanda kwenyewe wala si kazi sana ila ukungu jamani, unashuka ghafla hata alama za njia huzioni, kwa hiyo anza asubuhi na usiende peke yako. Maporomoko ya Mutarazi nayo balaa, zaidi ya mita 700 kwenda chini. Lakini mi naona utamu uko ngome ya Nyangwe, kuta za mawe yamepangwa tu bila saruji, kamlango kafupi mpaka uiname ndo upite, na bado zimesimama. Wengi wanaipita tu, sijui wanawahi nini.