Anasubiri Nini?

"Baba, huyu anasubiri nini?"

Nilikuwa nahamisha mafaili kutoka kwenye diski kuukuu iliyoanza kukohoa, na kitinda mimba wangu alikuwa amejipachika pembeni, akisikiliza kila ninachokifungua. Hili lilikuwa na kinanda kitupu. Hakuna ngoma, hakuna besi, hakuna mwimbaji. Noti tatu, kimya. Noti mbili, kimya tena. Mtu mzima mwenye vidole kumi anapiga kama anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu.

Sikumjibu. Faili lilikuwa na jina "kinanda_kavu_mwisho_KWELI", na aliyeliandika hivyo ni mimi.

Mnaomjua Mwalimu mmeshajua ni wimbo gani. Wengine inatosha niwaambie kwamba ilikuwa 2008, studio yetu ilikuwa chumba chenye magodoro ukutani, na mimi nilikuwa nimetoka kuungua na wimbo uliotangulia. Kwenye ule nilimwacha Mwalimu, mpiga kinanda wetu, arekodi na kila efekti iliyokuwemo ndani ya kinanda chake: rivabu ya ukumbi mkubwa (mvumo unaobaki noti ikishapigwa), koras (inayonenepesha sauti), dilei (mwangwi unaorudia noti). Ukikisikiliza peke yake unafumba macho. Tulipoingiza waimbaji, maneno yakazama. Nikishusha kinanda, noti zinapotea na ukungu wake unabaki. Rivabu ikisharekodiwa pamoja na noti haitenganishiki nazo kirahisi. Halafu, kwa uvivu wangu, nilikuwa nimechomeka waya mmoja tu, tundu la kushoto. Ile koras iliyokuwa ikiogelea kutoka sikio hili hadi lile ikabanwa katikati, ikawa kama redio iliyofungiwa ndani ya debe.

Nikaapa. Kuanzia hapo tunarekodi kavu, efekti tutaziweka baadaye tukiwa tumetulia.

Nijitetee kidogo, maana wazo lenyewe si la kipumbavu. Efekti uliyoiongeza baadaye unaweza kuibadilisha mara mia, hata kuifuta. DX7 ya Yamaha ilipotoka 1983 haikuwa na rivabu wala koras ndani yake; walioitaka waliiongeza kwa nje, na kinanda hicho kimejaa tele kwenye rekodi za miaka ile. Ila nilisahau upande wa pili. Juno-60 ya Roland, ya 1982, kila noti yake ina chanzo kimoja tu cha sauti, na ile koras iliyojengewa ndani ndiyo inayoipa unene. Izime, usikie kilichobaki. Kuna efekti ambazo ni nguo, na kuna ambazo ni ngozi. Mwaka ule mimi sikuwa nimejua kutofautisha.

"Mwalimu," nikamwambia siku ya kurekodi, "leo tuzime efekti."

Akanitazama kwa juu ya miwani. "Zote?"

"Zote. Nitaziweka mwenyewe kwenye kompyuta."

"Mdogo wangu, hizi nimezipanga kwa miezi."

"Najua. Nitazipanga vizuri zaidi."

Nimesema mengi ya kijinga maishani, lakini hilo bado linanijia nikiwa naoga.

Hakubisha. Alibonyeza kitufe na kile kitaa chekundu kikazimika. Akaweka mikono kwenye kodi, zile noti kadhaa za pamoja, aliyokuwa akianzia siku zote, akaibonyeza. Sauti ikatoka na kuishia palepale, chini ya vidole. Akainua mikono akaitazama. Kisha akainama kuangalia nyuma ya kinanda, kama vile kuna waya umechomoka. Akabonyeza tena, safari hii kwa nguvu, akiegemeza mabega, na ile kodi ikatoka kubwa zaidi na kufa upesi vilevile. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu, macho kwenye vipimo vinavyopanda kijani.

"Safi kabisa, Mwalimu!" nikapaza sauti. "Safi!"

Na kweli ilikuwa safi.

Akaanza kupiga. Siku zote za mazoezi Mwalimu alikuwa akidondosha noti tatu na kuondoa mkono. Dilei inazirudisha, naye anaipenyeza ya nne katikati ya marudio. Mashine ilikuwa ikipiga nusu ya wimbo, na yeye alikuwa ameiachia nafasi yake. Siku ile aliiachia nafasi na hakuja mtu. Hedifoni zilikuwa zikimgongea mapigo 75 kwa dakika, na katikati ya kimya nilimwona akitikisa kichwa taratibu, akifuata kitu ambacho si yale mapigo. Nikadhani ni madoido yake ya kawaida. Nilifurahi, hata.

Mara ya nne nikamwambia inatosha. "Inatosha?" akauliza. "Inatosha." Akakunja waya wake, akaaga.

Yaliyofuata nayapitia haraka. Nilikaa na kikokotoo: mapigo 75, kila pigo milisekunde 800, robo tatu ya pigo 600. Nikaweka dilei ya 600. Ilikuwa sahihi kama jibu la mtihani, na haikuwa na uhai. Nikabadilisha rivabu sijui mara ngapi. Wimbo ukatoka, watu wakausikiliza, hakuna aliyelalamika. Mwalimu aliusikiliza mara moja, akasema "umetulia", akaanza kuzungumzia mambo mengine.

Mwaka mmoja baadaye, kwa aibu, nikampigia simu kumwomba namba ya dilei yake. Akacheka. "Namba? Mdogo wangu, mimi nilizungusha mpaka ikanikaa." Nikamsihi akiwashe aangalie. Kumbe ile betri ndogo ya ndani, ile bapa kama kifungo cha shati inayotunza mipangilio, ilikuwa imekufa, na kila alichokipanga kikaenda nayo. Kinanda kilikuwa kimerudi kama kilivyotoka kiwandani.

Kinachonikera zaidi ni waya wa MIDI, ule wa pini tano, uliokuwa unaning'inia msumarini hatua mbili kutoka nilipokaa. MIDI haibebi sauti. Inabeba kitufe gani kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi gani kati ya 0 na 127, na kimeachiwa lini. Ningeuchomeka tu, Mwalimu angepiga na efekti zake huku mimi nikihifadhi vidole vyake pembeni. Au ningemsikilizisha mwangwi kwenye hedifoni huku nikirekodi kavu. Hilo nililifikiria siku ileile nikaliogopa, kwa sababu kompyuta yetu ilikuwa nzito: sampuli (vipande vidogo vya sauti) 1,024 kwa mkupuo mmoja, kwenye 44,100 kwa sekunde, ni milisekunde 23 kabla hata sauti haijaanza safari ya kurudi. Haikunijia kwamba sauti kavu ningempa moja kwa moja bila kuipitisha kwenye kompyuta, nikauacha mwangwi peke yake uchelewe. Mwangwi kazi yake ni kuchelewa. Milisekunde 23 zingeudhuru nini?

Siku hizi narekodi vyote vitatu, chenye efekti, kavu na MIDI, kama matundu yanatosha. Matundu huwa hayatoshi. Mwezi uliopita kijana mmoja alikuja na kinanda chake akaniuliza, "Nizime au niache?" Nilichukua muda mrefu kujibu hadi akaanza kupiga nazo zikiwaka.

Usiku ule, mtoto alipolala, nililifungua tena lile faili. Nikaweka dilei ya 600, nikashuka 590, 580. Kwenye 572 beti ya pili ikaamka. Ile noti ya nne ikaanguka katikati ya marudio, pale pale ilipokuwa ikianguka wakati wa mazoezi. Nilikaa wima. Nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena, nikauachia wimbo uendelee.

Beti ya tatu ikaharibika. Noti zikawa zinaukanyaga mwangwi. Nikajua nimekosea namba, nikazima dilei yote nisikilize kavu. Namba haikuwa na kosa. Vile vimya vilikuwa vimefupika. Alikuwa ameanza kuvijaza mwenyewe, noti moja moja, kwa kufuata mapigo yangu. Kufikia beti ya tatu, Mwalimu alikuwa ameacha kusubiri.