Hawa Wasipokaa Ndani ya Merikebu

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Somo letu wiki hii ni Matendo ya Mitume 27, kuanzia mstari wa 27 hadi mwisho, kisa cha mtume Paulo na wenzake ndani ya merikebu iliyopigwa na dhoruba. Lisomeni kwa sauti pale mezani, watoto wakiwapo. Ni kisa ambacho wao hukielewa upesi kuliko sisi.

Sura hii nimekuwa nikiisoma huku nikifikiria watu ambao sisi wa Nairobi hatukutani nao: familia zinazoishi ndani ya mashua. Sisemi wavuvi wanaotoka alfajiri na kurudi jioni. Nasema baba, mama na watoto ambao chombo ndicho nyumba yao, wanalala humo, wanapika humo, watoto wanasomea humo. Wengi wako pwani ya mashariki ya Marekani, ambako kuna njia ya maji inayofuata ukingo wa bahari, mahali pengine mto, pengine mfereji uliochimbwa, pengine ghuba iliyokingwa na visiwa. Huanza kuhesabiwa Norfolk, Virginia, na hadi kufika Miami ni zaidi ya kilomita 1,700. Msimu wa vimbunga huko ni kuanzia Juni hadi mwisho wa Novemba, basi baridi ikikaribia wanateremka kusini taratibu, na joto likirudi wanapanda kaskazini tena. Mzee wa Lamu angewaelewa bila kufafanuliwa, maana majahazi ya zamani nayo yalikuja kwetu na kaskazi yakarudi Arabuni na kusi.

Ndani ya chombo nafasi ni finyu. Pa kulia ndipo pa kusomea, na usiku meza hushushwa ikawa kitanda. Maji ya kunywa yako kwenye tangi, na kila mtu anajua yamebaki kiasi gani. Wenzetu wa mitungi ya lita 20 kule mtaa wa Pipeline hawana haja ya kuelezwa hilo. Lakini ufinyu peke yake si jambo geni, kwani ni wangapi kati yetu wamelea watoto wanne katika chumba kimoja? Tofauti ni kwamba kule majini hakuna pa kwenda.

Mume na mke wakikosana jioni, nanga imeshatupwa na giza limeingia, watalala hatua tatu kutoka mmoja hadi mwingine. Usiku maji yanaanza kupwa, mkondo unageuka, na mashua inazunguka ikaelekea ilikotoka. Nanga ikishindwa kushika, lazima waamke saa hiyohiyo. Mmoja ashike usukani, mwingine aende omo, yaani mbele ya chombo, kuvuta mnyororo. Injini inanguruma, upepo unavuma, hawasikilizani. Wa omo anaonyesha kwa mkono, kulia, kushoto, simama, na wa usukani anafuata mkono ule bila kuuliza. Wakiwa wamenuniana, kazi hiyo haifanyiki. Pwani ya Georgia maji hupanda na kushuka zaidi ya mita mbili. Atakayepanda fungu la mchanga hapo wakati maji yanakupwa atakaa chombo kimelala ubavu, watoto wameegemea ukuta, akingoja yajae tena. Kwa hiyo agizo la Waefeso 4:26, kwamba jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka, kwa watu hawa ni la lazima kama kukagua nanga.

Turudi kwa Paulo. Ni usiku wa kumi na nne wa dhoruba. Mabaharia wanatupa bildi, kamba yenye uzito ya kupimia kina cha maji, wanapata pima ishirini, wanasogea kidogo, pima kumi na tano. Nchi kavu iko karibu, na miamba pia. Wanatupa nanga nne za tezi, yaani nyuma ya chombo, na kuomba kupambazuke. Kisha mabaharia wanaanza kushusha mashua ndogo baharini, kana kwamba wanakwenda kutia nanga za omo. Paulo anamwambia akida, mkuu wa askari, pamoja na askari wake: "Hawa wasipokaa ndani ya merikebu hamtaweza kuokoka."

Ndugu zangu, hebu tukae hapa kidogo. Mabaharia hawakusema wanatoroka. Walisema wanakwenda kuongeza nanga, kazi halali, kazi ya kuwafaa wote. Waliokuwa wakiachwa ni wale wasiojua kushika usukani wala kusoma upepo. Melini mlikuwa na watu 276, na wenye ujuzi wa kuwaokoa ndio waliokuwa wakiteremka.

Nyumba zetu hapa jijini zina mashua ndogo za namna hiyo. Mzazi anasema foleni ya Mombasa Road ilikuwa mbaya, kumbe alikaa ofisini hadi taa za korido zikazimwa kwa sababu hataki kuufungua mlango wa nyumbani. Mwingine yuko sebuleni kwa mwili, lakini simu imembeba tangu saa moja. Kuna chama kila Jumamosi, kuna biashara ya pembeni, na niseme lililo zito zaidi, kuna kesha na mikutano ya maombi ambayo mtu huhudhuria ili asizungumze na mwenzake. Kila moja ya hizi ukiitazama ni nanga inayopelekwa omo. Na wanaobaki ni watoto, ambao hawajajua kuendesha chombo.

Askari walimsikia Paulo, wakazikata kamba za mashua, wakaiacha ianguke. Nataka tuone gharama yake. Mashua ile ingewafaa sana asubuhi, ufuo ulipoonekana. Walikipoteza chombo kizuri ili watu wote wabaki pamoja. Kwa hiyo ukiamua wiki hii kurudi nyumbani mapema, au kuacha mkutano mmoja mtakatifu ili ukae na mkeo mzungumzie lile jambo la tangu Desemba, usishangae ukihisi umepoteza kitu chenye faida. Umepoteza kweli. Kipoteze.

Naomba nisieleweke vibaya. Mama anayepigwa si baharia mtoro. Mtoto anayeumizwa ndani ya nyumba vilevile. Neno hili Paulo aliwaambia askari kuhusu wenye nguvu waliotaka kuwaacha wanyonge, na yeyote anayelitumia kumfungia mnyonge ndani na mtu wa kumdhuru analigeuza kichwa chini. Kama ni wewe, toka, njoo kwetu, saa yoyote.

Baada ya kamba kukatwa, Paulo hakuhubiri. Kulipoanza kupambazuka aliwasihi wale chakula, maana kwa siku kumi na nne walikuwa hawajala. Akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele ya wote, akaumega, akaanza kula, nao wakachangamka wakala. Dhoruba bado ipo, nanga nne bado zimekaza. Mezani pako Jumatatu jioni huenda ugomvi haujaisha. Pakueni ugali, ombeni kwa ufupi, kuleni pamoja, simu zikiwa chumba kingine. Mazungumzo magumu yatafuata, na ni afadhali yaanze watu wakiwa wameshiba.

Merikebu yenyewe haikupona. Ilipanda fungu, omo ikakwama, na tezi ikavunjwa kwa nguvu ya mawimbi. Waliojua kuogelea waliogelea. Wengine walifika juu ya mbao na vipande vya chombo. Luka, mwandishi wa kitabu hiki, anawahesabu wote pamoja kuwa wamefika nchi kavu salama. Katika ushirika wetu wapo ambao nyumba zao zilivunjika, wajane, walioachwa, bibi anayelea wajukuu watatu peke yake. Wamefika juu ya mbao, na Bwana ndiye aliyewafikisha. Sura ya 28 inasema wenyeji wa Malta, kisiwa walikofikia, waliwawashia moto kwa sababu ya mvua na baridi. Hatusomi popote kwamba waliulizwa kwanza chombo kilivunjikaje.

Jumatano tutaomba kwa ajili ya nyumba zetu wote, saa kumi na mbili na nusu jioni, na njooni mume na mke inapowezekana. Jumamosi tutawatembelea wale watatu tuliowataja Jumapili iliyopita. Wa mitaa ya Umoja na Donholm mtaongozana, na atakayeweza alete unga, makaa au blanketi.