Fegi niliacha, mapumziko nikabaki nayo

Ushauri wa kwanza unaopewa ukisema unaacha sigara ni kutupa pakiti zote zilizo nyumbani. Mimi sikuwa na pakiti hata moja. Miaka yote niliyovuta, nilinunua moja moja kioskini, nikaiwasha palepale kwa kiberiti kilichofungwa kamba dirishani, nikarudi kazini. Sheria ya tumbaku ya Kenya ya 2007 inakataza kuuza sigara nje ya pakiti, na pakiti yenyewe isiwe na chini ya sigara 10, lakini tembea hapa Kisumu kutoka Kondele hadi Kibuye uone ni kioski gani kinachojali. Kwa hiyo mvutaji wa aina yangu hana cha kutupa. Mzigo wake umewekwa kwa watu wengine, na wote wanamjua kwa jina.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Natengeneza mageti, grili za madirisha na meza za akina mama wauza samaki. Kazi hii haina saa ya chai. Mteja anakusimamia mgongoni akiuliza geti litatoka lini, na wewe ukisimama mikono mitupu unaonekana mvivu. Ukisimama na fegi, hakuna anayekusemesha; hata mwenye karakana anangoja umalize. Nilipoanza kujichunguza niliona kwamba nyingi ya sigara zangu wala sikuzitamani. Nilichotaka ni kunyoosha mgongo, kuvua ile kofia ya moto, na kutazama kitu kilicho mbali kuliko urefu wa mkono. Sigara ilikuwa ruhusa tu.

Kikohozi ndicho kilichonipeleka kliniki. Kilikuwa kimepita wiki mbili, na kikohozi cha umri huo ni cha kupimwa TB bila mjadala, zaidi ukiwa mvutaji, kwa sababu sigara humwongezea mtu hatari ya kuupata ugonjwa huo. Kipimo cha makohozi ni bure katika vituo vya serikali. TB haikuonekana, lakini daktari, kijana mdogo, hakuniachilia. Aliniuliza sigara ya kwanza naivuta muda gani baada ya kuamka, kisha akataka kujua ni moshi gani mwingine ninaoupata. La kwanza nilijibu upesi: kabla sijanawa uso. La pili lilinikalisha. Kazini kuna moshi wa rodi za kuchomelea. Nyumbani, Obunga, mke wangu hukaanga mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki viwandani minofu ikishatolewa. Anakaanga kwa kuni, na majirani hivyo hivyo.

"Mzee," akasema, "wewe unavuta sigara tatu. Moja tu ndiyo unayoinunua."

Nikamuuliza kuhusu maziwa. Fundi yeyote wa jua kali atakwambia maziwa ya jioni husafisha moshi kifuani, nami nimeyanywa miaka kwa imani hiyo. Akaniambia maziwa yanakwenda tumboni na moshi unakwenda mapafuni, na zikishapita kooni njia hizo mbili hazikutani tena. Bado nayanywa, ila siku hizi nayahesabu chakula.

Lile swali la kuamka nalo lilikuwa na sababu. Anayewasha ndani ya nusu saa tangu afumbue macho, mwili wake umeshikwa na nikotini barabara, na chingamu ya nikotini anayoshauriwa ni ya miligramu 4 badala ya 2. Niliipata famasia ya mjini na bei yake si ya mchezo. Namna ya kuitumia pia si ile tuliyozoea utotoni. Unatafuna polepole mpaka usikie inawasha kama pilipili, unaiegesha kati ya shavu na ufizi, unangoja itulie, ndipo unatafuna tena. Ukiitafuna mfululizo nikotini unaimeza pamoja na mate, tumbo linachafuka na kwikwi inakuandama. Kahawa, soda au juisi usinywe robo saa kabla yake, kwa sababu uchachu huzuia dawa kupenya mdomoni. Baada ya wiki kadhaa nilianza kuipunguza kidogo kidogo, kama nilivyoelekezwa.

Lakini chingamu haikutatua ule mgongo wangu. Nilimlipa mama wa kioski deni lote, nikamwomba asiniuzie hata nikimlilia. "Mimi nitakunyima, baba," akasema, "na hao wengine je?" Alikuwa na haki. Ndipo nikaamua kwamba kutoka siachi. Saa zilezile nilizokuwa naenda kuvuta, niliweka rodi chini nikatoka, ila nikavuka barabara upande wa pili, kwa muuza miwa. Kipande cha muwa kinatosha mapumziko kamili: unamenya, unatafuna, unatema makapi, na mikono haiko mitupu. Wateja hawakuona tofauti. Hamu ya sigara nayo hailingani na sifa zake. Ikija na nguvu zote huwa imepita katika dakika chache, na muwa ni mrefu kuliko dakika hizo. Meno nayasukutua kwa maji baadaye, maana sukari ile si rafiki.

Siku mbili tatu za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote. Hilo liko hivyo kwa wengi, kwa sababu nikotini hutoka mwilini haraka na ubongo unadai. Nilimfokea kila aliyenisogelea, pamoja na mashine. Nyumbani niliwaonya mapema kwamba nitakuwa mtu wa hasira, na mke wangu akasema hilo si habari mpya. Asiye na wa kumwonya au kuzungumza naye anaweza kupiga 1192, laini ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, bila malipo.

Kuna mambo niliyoshukuru kuambiwa kabla. Moja ni kahawa. Moshi wa sigara huufanya mwili uvunje kafeini haraka, kwa hiyo ukiacha kuvuta, kikombe kilekile kinakaa ndani muda mrefu zaidi. Usingizi ulikataa na mikono ikatetemeka, nami nashika rodi. Nilipunguza kahawa mambo yakatulia. Jingine ni choo, tusioneane haya. Wavutaji wengi wanajua sigara ya asubuhi ina kazi yake ya pili, na ukiiacha tumbo linagoma. Mboga za mrenda na managu, na maji mengi, ndiyo yaliyonivusha.

La tatu ni kikohozi chenyewe. Mtu anatarajia kipungue, changu kikazidi. Ndani ya njia za hewa kuna vinyweleo vidogo mno vinavyosukuma uchafu na makohozi kuelekea juu, na moshi wa sigara huvilemaza. Ukiacha vinarudi kazini, na kilichokuwa kimelala chini kinaanza kupanda. Jamaa mmoja wa karakana alirudia fegi hapo hapo, akisema kifua chake kimeumwa tangu aache. Mwingine alinishauri nihamie vile vipakiti vya nikotini vya kuweka chini ya mdomo. Sikuona faida ya kutoka mlango mmoja na kuingia wa jirani.

Kuhusu mapafu yenyewe sitaki kumpaka mtu mafuta. Nguvu ya mapafu ya kila mtu hupungua taratibu kadiri umri unavyosonga, na kwa mvutaji hupungua mbio. Ukiacha, mwendo unarudi karibu na wa kawaida, lakini kilichokwisha kuharibika hakirudi chote. Moyo hupona haraka zaidi: baada ya mwaka mmoja hatari ile ya ziada ya ugonjwa wa mishipa ya moyo huwa imeshuka karibu nusu. Saratani ya mapafu inadai subira, kama miaka kumi hivi, ndipo hatari iwe karibu nusu ya ile ya mtu anayeendelea kuvuta.

Hiyo ndiyo sababu sikuona maana ya kuacha sigara moja kati ya tatu. Moshi wa kuchomelea uliwekwa na shirika la saratani la WHO mwaka 2017 katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Meza yangu sasa inafuata upepo. Asubuhi Kisumu upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana unageuka na kuingia mjini, kwa hiyo mimi nahama upande badala ya kuinamia moshi. Bomba lenye zinki naliparua kwanza kwa grainda mahali nitakapochomelea, barakoa usoni, kwa sababu zinki ikiungua inaleta ile homa ya jioni, baridi na ladha ya chuma mdomoni, ambayo mafundi huiita malaria na kunywea dawa. Barakoa ya kitambaa haizuii moshi huu. Nanunua ile ngumu ya N95, nayo haizuii gesi, kwa hiyo hewa ya wazi bado ndiyo kinga kubwa.

Jiko la nyumbani nimelijenga upya mwenyewe, la chuma, lenye dohani inayotoka juu ya paa. Linakula kuni chache kuliko mafiga. Majirani wawili wameagiza ya kwao, na mmoja ameshaanza kulipa.

Mechi za Gor Mahia ndizo bado zinanisumbua. Tukiwa nyuma kwa bao moja kipindi cha pili, mkono unajiendea mfukoni kutafuta sarafu. Baa nimeiacha kwa sasa. Naangalia kwenye hoteli moja ya chai na mandazi, ambako skrini ni ndogo na mwenye hoteli ni shabiki wa AFC Leopards, mahasimu wetu.