Jinsi nilivyoandika jina refu ubavuni mwa mtumbwi

Mwenye mtumbwi mmoja pale Kirumba, jijini Mwanza, alinipa kazi ya kuandika "Mungu Ndiye Mlinzi wa Wanyonge" katika pande zote mbili za mtumbwi wake wa dagaa. Ubao ulikuwa na nafasi ya mita 2.1 tu, naye alisisitiza kwamba herufi kubwa zisipungue kimo cha sentimita 12, ili jina lisomeke mtumbwi ukiwa bado majini. Kwa herufi za kawaida nilihitaji kama mita 2.6.

Kwanza nilizibana herufi hizo kwa kompyuta, na matokeo yakanisikitisha: mistari ya wima ilikonda, ya kulala ikabaki minene, na maandishi yote yakaonekana kama yamegandamizwa. Fonti nyembamba ya kweli huchorwa hivyo tangu mwanzo. Mchora herufi Adrian Frutiger alipotoa fonti ya Univers mwaka 1957 aliipa kila sura namba yake, na sura nyembamba ya wima ikawa 57, ile nyembamba ya mlazo, yaani yenye herufi zinazoinamia kulia, ikawa 58. Mimi nilitumia fonti nyembamba iitwayo Roboto Condensed, ambayo hupatikana bure na haina vikono miishoni mwa herufi, jambo linalorahisisha sana kukata stensili. Sikuchukua ile nene, kwa sababu rangi ya mafuta husambaa kwenye mbao na kuziba matundu ya "a" na "e", na Kiswahili kimejaa "a".

Mlazo nao una ufundi wake. Ukiilaza tu "o" ya wima kwa kompyuta, hunenepa juu kulia na chini kushoto, kisha hukonda pembe nyingine mbili. Mchoraji makini hurudi kuisawazisha kwa jicho. Nilizipenda sana herufi hizo za mlazo, kwani ubavuni kulia zilielekea omo, yaani mbele ya mtumbwi, na kuupa mwendo hata ukiwa umeegeshwa mchangani.

Nilipomaliza kuzichora kwa chaki ubavu wa kushoto pia, mzee mwenye mtumbwi alisimama, akatazama kwa muda, akaniuliza, "Fundi, mbona huku mtumbwi wangu unarudi nyuma?" Alisema kweli. Upande huo omo iko kushoto kwa msomaji, kwa hiyo herufi zinazoinamia kulia huelekea tezi, yaani nyuma ya mtumbwi. Nilijaribu kuzilaza kushoto. Kwa jina fupi ingefaa, lakini kwa maneno matano jicho lilichoka kabla ya kufika "Wanyonge". Nikafuta chaki na kuchukua sura ya wima ya fonti ileile, ambayo unene wa mistari na upana wake vinakaribiana mno na vya mlazo, hivi kwamba pande mbili zilionekana za mkono mmoja.

Mzee aliridhika. "e" ya mwisho iliishia sentimita 6 kabla ya msumari wa pembeni.