Greni 150 ni mwisho, siyo kipimo

Nina kovu dogo juu ya nyusi ya kulia, watu huwa wananiuliza limetoka wapi. Limetoka kwenye vidonge vitatu vya baruti.

Hapa Ohio kila Januari kuna siku chache za kuwinda kulungu kwa bunduki za kupakia mdomoni, yaani gobole letu lakini la kisasa, tundu la .50 (nusu inchi), fataki inakaa nyuma, darubini juu. Yangu niliinunua mkononi kwa mtu, akaniambia we weka vidonge vitatu vya greni 50, basi. Greni ni kipimo kidogo sana cha baruti na risasi. Nikaweka, nikashindilia risasi ya greni 300, nikafyatua. Ukingo wa darubini ukanipasua nyusi, damu mpaka kwenye kola, na bega likakaa jeusi wiki nzima.

Mzee mmoja pale kwenye uwanja wa shabaha akaniletea kitambaa, akauliza kitabu cha hiyo bunduki umekisoma? Kumbe kitabu kinasema 150 ndo kikomo, na kwa risasi nzito kinashusha zaidi. Halafu akanieleza kitu sijakisahau: baruti yenyewe nayo ina uzito, na yote inatoka mdomoni pamoja na risasi, na zaidi ya nusu ya baruti nyeusi haigeuki hewa, inakuwa moshi mzito na masizi, kwa hiyo ukiongeza kidonge cha tatu mwendo wa risasi unaongezeka kidogo tu ila bega linalipa kila kitu. Na bunduki ikiwa nyepesi ndo unaumia zaidi. Ukishaumia mara mbili tatu unaanza kufumba macho kabla hujavuta kifyatuo, hapo shabaha imekwisha.

Siku hizi natumia Pyrodex, baruti mbadala wa ile nyeusi, ya kumimina siyo ya vidonge, greni 90. Na hapa naomba tuelewane kabisa, hizo greni ni za ujazo, siyo za mizani! Pyrodex ni nyepesi kuliko baruti nyeusi, ukipima 90 kwa mizani utakuwa umejaza kupita kiasi na hujui. Mjomba wangu kule Sikonge alikuwa anapimia gobole lake kwenye kiganja, sisi watoto tunaziba masikio, na mpaka leo nikikumbuka naogopa. Mimi namimina kwenye kikombe cha kipimo kwanza, kamwe siyo moja kwa moja kutoka kwenye kopo, maana cheche ikibaki ndani ya mtutu kopo zima linakulipukia mkononi.

Baruti isiyo na moshi, ile ya risasi za kawaida, usiiweke hata kijiko kama bunduki yako haikutengenezwa kwa ajili yake. Presha yake inapasua mtutu.

Kingine ni mdeki, ile fimbo ya kushindilia risasi. Nimeuzungushia utepe mwekundu pale unapoishia risasi ikiwa imekaa juu ya baruti sawasawa. Utepe ukiwa juu ya mdomo kwa vidole viwili au zaidi, ama risasi haijafika chini na kuna nafasi ya hewa, ambayo inaweza kuutunisha mtutu, ama nimepakia mara mbili. Jumamosi iliyopita ulisimama juu hivyo hivyo. Nilikuwa nimeongea na jirani nikasahau kwamba nimeshapakia. Nikaiweka chini, nikachomoa risasi zote mbili taratibu, mikono inatetemeka.