Seli zangu zisingemwona mama mkubwa

Jumamosi nipo Ujiji kwa mama mkubwa, tunachambua dagaa barazani, akaniambia mwanangu tangu nianze dawa za TB mkojo umekuwa mwekundu, hilo nesi aliniambia, ila mbona pumzi imerudi kukata kama zamani? Nikamuuliza ile ya moyo unameza? Anameza, dijoksini, hajaruka hata siku moja, akafungua pindo la kitenge akanionyesha.

Nikahisi kitu hapohapo. Ukuta wa utumbo sio wavu wa dagaa kwamba kinachoenea tundu kinapita tu, seli zake zina wapagazi, kama PEPT1 anayebeba vipande vya protini na amoksilini anaipakia humohumo. Halafu kuna P-gp, huyu ni wa kutupa nje, anaidaka dijoksini anairudisha ilikotoka. Sasa rifampisini iliyomo kwenye vidonge vya TB inafanya seli izalishe P-gp nyingi zaidi, mwaka 1999 Wajerumani walitoa vinyama vya utumbo kwa watu wazima wazima kabisa waliomezeshwa rifampisini, wakakuta P-gp imepanda kama mara 3 na nusu na dijoksini kwenye damu imeshuka.

Kinachoniuma ni kwamba nikiwa chuo nililea Caco-2, seli za saratani ya utumbo mpana wa mzee wa miaka 72, ziko maabara tangu miaka ya 70. Unazipanda juu ya kichujio siku 21, unazibadilishia chakula kila baada ya siku moja hata Jumapili (bachi moja siku ya 18 nikakuta nyuzi nyeupe za fangasi zinaelea kwenye midia, yaani hicho chakula chao cha pinki, nililia jamani). Zikikomaa zinaota vinyweleo, zinajifanya utumbo mwembamba, na dijoksini nilikuwa naiona kabisa inavyorudishwa, nikajiona utumbo nimeumaliza. Kumbe Caco-2 ina PXR kiduchu mno, kile kipokezi kinachoinusa rifampisini na kuamuru P-gp iongezwe, ungeimwagia isingeshtuka. Wanaopima hilo wanatumia zaidi LS180, seli nyingine za saratani ya utumbo mpana, mimi niliisoma mstari mmoja tu wa mtihani nikapita.

Nikamwambia mama usiache hata moja, ya TB wala ya moyo, Jumatatu tukapanda bodaboda mpaka hospitali na dawa zote mkononi. Daktari ndo akaweka kadi ya moyo na kadi ya TB pamoja mezani, kwa mara ya kwanza tangu Mei.