Wingu la Siku Nyingine

Mzee aliishika picha kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho, akaitazama kwa muda mrefu bila kusema neno. Tulikuwa tumekalia mtumbwi uliopinduliwa pale Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Ilikuwa Jumamosi, siku ya soko la Lyulilo, na mitumbwi ya vyungu kutoka Ikombe ilikuwa bado inaingia.

"Huyu ni mwanangu," alisema. "Na mtumbwi ni wetu, naujua kwa hiki kiraka. Lakini hili wingu ni la lini?"

Nilikuwa nimekwenda kumpelekea zawadi. Picha ile ndiyo iliyokuwa imenipa moyo kuliko zote nilizowahi kupiga, na hoteli moja mjini Mbeya ilikuwa imeinunua na kuitundika mapokezi. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali lile.

Mimi ni mpiga picha wa Mbeya mjini. Riziki yangu ni harusi, vipaimara na mahafali. Lakini kwa miaka sita sasa, nikipata siku mbili tu, nabeba kamera na stendi yangu nateremka Ziwa Nyasa kupiga picha za maji, nyeusi na nyeupe. Unatoka Uyole umevaa sweta, unapita Kiwira na Tukuyu kwenye chai na migomba, na ukianza kuona mpunga na kakao za Kyela sweta liko begani. Kutoka Ipinda napanda bodaboda.

Naipenda Matema kwa ajili ya mwanga wake. Milima ya Livingstone imesimama upande wa mashariki kama ukuta na kuingia moja kwa moja majini, kwa hiyo jua linachelewa kuufikia ufukwe. Kumekwisha pambazuka, ndege wanalia, watu wanasalimiana, lakini mchanga na maji bado viko kwenye kivuli cha mlima. Hakuna kinachong'aa kupita kiasi, hakuna weusi unaomeza kila kitu. Ziwa lina kina kinachofika mita 700, na ukilitazama saa ile unaamini.

Nikitaka maji yatulie kwenye picha, nafunga mbele ya lenzi kioo cheusi kinachopunguza mwanga kama mara elfu moja. Picha ambayo ingechukua sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde sasa inataka zaidi ya dakika nzima. Wimbi linakuja na kurudi, lingine linakuja juu yake, na kamera inayapokea yote kwenye picha ileile mpaka maji yanakuwa kama moshi. Stendi ikitikisika kidogo tu, umepoteza. Naizamisha miguu yake mchangani mpaka igome, kisha naning'iniza begi lenye mawe katikati, halafu nasimama mbali nisije nikaukanyaga mchanga ulio karibu nayo.

Tatizo ni kwamba mtu aliye kwenye mtumbwi hawezi kukaa dakika nzima bila kusogea. Kwa hiyo asubuhi ile, kijana wa mzee alipokuwa akienda kutazama nyavu zake, nilimpiga kwa haraka, akatoka safi na kafi yake mkononi. Baadaye, akiwa ameshapita, nilipiga maji kwa dakika moja. Nyumbani nikaziunganisha hizo mbili. Anga ya siku ile ilikuwa tupu, ya kijivu, haina neno. Nikatafuta kwenye hifadhi yangu, nikapata wingu zito nililolipiga mwezi Machi alasiri, nikalipandisha juu ya mlima. Nikatia giza pembeni. Picha ikasimama, na kila aliyeiona alinyamaza kwanza.

"Wingu likikaa hivi juu ya mlima," mzee aliendelea, akipitisha kidole bila kuigusa karatasi, "hata mtoto wa darasa la pili anavuta mtumbwi nchi kavu. Wewe umemweka mwanangu katikati ya ziwa chini yake. Na maji yamelala, kama vile hayajui kinachokuja. Anayemjua atasema kijana huyu ama amelewa ama amechoka kuishi."

"Nisamehe, baba."

"Sikugombezi, mwanangu. Nauliza."

Nilirudi Mbeya nikiwa na picha ile mkobani, kwa sababu sikuweza kumwachia. Nilikuwa nimezoea kujitetea kwamba sanaa si habari, kwamba sikumdhuru mtu. Kumbe nilikuwa nimemdhuru mtu mmoja, mwenye jina na baba, anayejua kazi yake kuliko ninavyoijua yangu. Mvuvi wa Nyasa anaishi kwa kusoma anga, na mimi nilimwonyesha kwa wageni kama mtu asiyejua kuisoma.

Nilikwenda hotelini nikaeleza. Meneja alinisikiliza vizuri, akaniambia kwamba wageni hawatajua. Hilo ndilo lililonitia uchungu zaidi: kwamba tulikuwa tunategemea kutojua kwao. Nikaomba niwatengenezee nyingine kwa gharama yangu, fremu na yote. Akakubali, ingawa alisema wazi kwamba ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi.

Usiku nilisoma sana. Niligundua kwamba jambo hili ni la zamani kuliko kompyuta. Katika miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alipiga picha za bahari zilizowashangaza watu, na nyingi kati ya hizo ni negativu mbili, yaani vioo vilivyopokea picha ndani ya kamera, zilizounganishwa kwenye mstari wa upeo, moja ya maji na moja ya mawingu. Namtetea kwa kiasi fulani. Dawa ya vioo vya wakati ule iliupokea mno mwanga wa bluu, hivyo ukipata maji vizuri anga inatoka nyeupe tupu. Hakuwa na njia rahisi ya kuvipata vyote kwa pigo moja. Lakini aliweza pia kulitumia wingu lilelile kwenye bahari zaidi ya moja, na hapo nilijiona mwenyewe. Mwaka 1982 jarida la National Geographic lilisogeza mapiramidi ya Giza, kule Misri, yakaribiane ili yaenee kwenye jalada la wima, na malalamiko yake hayajasahaulika hadi leo. Mashindano ya picha za habari kama World Press Photo sasa hudai faili ghafi, yaani picha kama ilivyotoka kwenye kamera, kutoka kwa wanaofika hatua za mwisho. Nilijiambia basi, dawa ni rahisi: sitabandika tena.

Haikuwa rahisi hivyo. Nilifungua picha nyingine ya Matema, isiyobandikwa chochote, ya siku ya anga ya bluu safi kabisa. Kwenye programu yangu, unapoondoa rangi, unaweza kuchagua kila rangi iwe nyeupe au nyeusi kiasi gani. Nilivuta bluu chini, kama vile wazee wetu wa filamu walivyoweka filta nyekundu mbele ya lenzi. Anga ikawa nyeusi. Nilikuwa nimetengeneza dhoruba bila kuazima hata wingu moja. Kila nukta ilikuwa ya siku ile, na bado picha ilisema uongo uleule ambao mzee aliukamata.

Hapo ndipo nilipopata kipimo changu. Sijiulizi tena ni kitufe gani nimebonyeza. Najiuliza: mvuvi akiitazama picha hii, akaamua kama angeingia majini siku hiyo au la, atapatia? Kama siku ilikuwa ya kuvua, picha inaweza kuwa na huzuni na kivuli upendavyo, lakini isimtishe. Kama ilikuwa ya hatari, isimbembeleze. Kufuta vumbi la kioo, kunyoosha upeo uliopinda, kung'arisha uso uliozama kwenye giza, hayo nafanya bila wasiwasi. Chupa ya plastiki iliyo mchangani siku hizi naiacha, au naiokota kabla ya kupiga, kwa mkono. Faili ghafi sifuti, na anayenunua nikamwonyesha zote mbili hajawahi kubadili nia.

Picha ya hoteli ilinigharimu safari tatu. Nilitaka wingu la kweli, kwa hiyo nilikwenda kipindi cha masika, na Kyela mvua ikiamua kunyesha haiombi ruhusa. Safari mbili za kwanza sikufungua hata begi. Safari ya tatu, mwezi Aprili, wingu lilishuka juu ya mlima alasiri, zito, limekaa vilevile alivyosema mzee. Hapakuwa na mtu majini. Mitumbwi yote ilikuwa imevutwa juu, imelala ubavu mmoja kama ng'ombe wanaocheua. Nilipiga mara nne, mwavuli juu ya kamera, kabla matone hayajaanza kunifikia.

Ile iliyo hotelini sasa ndiyo hiyo. Nakala ya pili niliipeleka Matema.

Mzee aliisogeza tena mbali na macho. Alihesabu mitumbwi kwa midomo. "Wa tatu ni wetu," alisema, akanionyesha kiraka. Kisha akatulia, akainamisha kichwa. "Na mawimbi yamekwenda wapi? Siku ile yalikuwa yanapiga mpaka kwenye mwembe."

Nilimweleza habari ya kile kioo cheusi, kwamba kamera ilikaa wazi sekunde arobaini na mawimbi yote yamo mle, yamelaliana. Alifikiri.

"Basi iandike," alisema.

Mjukuu wake akaleta kalamu ya shule. Niliigeuza picha juu ya goti, nikaandika nyuma yake: Matema, Aprili, alasiri, sekunde 40. Mawimbi yalikuwa yanafika kwenye mwembe.